Mbegu Iliyotengwa
Neno la Majilio. Somo: Zaburi ya 126

Wapendwa katika Kristo,

Kasisi wetu aliniomba tangu mwezi wa Septemba niandike neno la Majilio kama nilivyofanya miaka iliyopita, nami nilikubali kabla sijajua kwamba nitaliandika nikiwa hapa Muhimbili, Dar es Salaam, nimeegemea mto, na mrija umefungwa shingoni mwangu. Wengi wenu mnajua kwamba ninaumwa, lakini si wote mnaojua ninaumwa nini. Yako maneno yanayozunguka, na mengine yamenifikia hata huku. Ni afadhali niwaambie mwenyewe, kwa maana mimi ni mwalimu, na mwalimu hapendi jambo lifundishwe vibaya.

Tafadhali fungueni Zaburi ya 126 muisome yote, ni fupi. Mwishoni mwake mtunga Zaburi anatuonyesha mkulima anayetoka nyumbani kwake akiwa na mbegu, na machozi yanamtiririka. Halafu anatuonyesha mkulima yule yule akirejea na mavuno mikononi, akiimba. Kati ya kutoka na kurejea hatuambiwi zilipita siku ngapi. Hapo katikati ndipo nilipo mimi leo, na hapo ndipo lilipo Kanisa zima katika majira haya ya Majilio.

Kwa nini mkulima yule analia? Sisi wa bonde la Kilombero hatuna haja ya kuelezwa. Twajua mwezi wa Desemba ulivyo. Ghala limekwisha, mchele umepanda bei, na pale pembeni ya nyumba kuna madebe mawili ya mpunga wa mbegu ambayo hapana ruhusa kuyagusa. Mama huyapita kila jioni akienda jikoni. Kula mbegu ni kushiba leo na kufa mwakani. Basi anayeichukua mbegu ile akaimwaga matopeni, ametoa chakula kinywani mwa wanawe akakifukia, wala hajui kama mwaka huu Lumemo itafurika au mvua itakatika. Ndiyo maana analia, lakini anakwenda.

Sasa niwaambie habari zangu. Mwaka jana, wakati wa mavuno, mgongo ulianza kuniuma. Nilidhani ni umri na kuinama shambani. Nikanunua vidonge vya maumivu dukani, nikavimeza miezi minne. Nikakonda, nikawa nahema hata nikitembea kutoka nyumbani mpaka kanisani. Ndugu mmoja wa ukoo akaniambia nimetupiwa kitu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Msharika mmoja, mtu mwema kabisa, akaniambia kwamba nikikimbilia hospitali kubwa nitakuwa nimepungukiwa imani. Nikakaa kati ya mashauri hayo mawili, na siku zikapita. Hatimaye binti yangu akanikemea kama mimi nilivyokuwa nikiwakemea wanafunzi, akanipeleka Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale pale Ifakara. Damu ilikuwa imepungua sana, figo zimeanza kuchoka, na pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea. Nikapewa barua ya kuja huku. Huku nikaambiwa jina la ugonjwa: maiyeloma, saratani ya damu inayokaa ndani ya uloto.

Naomba niwaeleze kama darasani. Uloto ni kile kitu laini kilichomo ndani ya mifupa, ambacho tunakifyonza tukinywa supu ya mifupa ya ng'ombe. Humo Mungu ameweka kiwanda cha damu. Zimo chembe mama, yaani chembe changa ambazo bado hazijachagua kazi, na kutoka kwazo huzaliwa chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazoifanya damu igande mtu akijikata. Katika ugonjwa wangu, aina moja ya chembe nyeupe, zile zitengenezazo kinga, imeasi. Inazaana pasipo kiasi, inawabana wenzake, inakula mifupa, na uchafu wake unaziba figo. Ugonjwa huu hauambukizi. Haukutumwa na mtu. Wengi wanaoupata ni watu wa rika langu, waliokwisha kupita miaka 60.

Miezi kadhaa ya dawa imeupunguza. Lakini iko dawa kali zaidi, iitwayo melfalani, ambayo kwa kipimo kikubwa huichoma saratani hii hata mafichoni mwake. Shida ni kwamba kipimo hicho huchoma na uloto wote, mwema na mbaya. Asiye na uloto hana damu, na asiye na damu hana uhai, kama Torati ifundishavyo katika Walawi sura ya 17. Wataalamu wafanyeje? Wanafanya walivyofanya babu zetu kabla ya kuchoma shamba: hutenga mbegu kwanza.

Kwa muda wa siku 5 nilichomwa sindano za kuamsha uloto, ili chembe mama ziwe nyingi hata zimwagike kwenye damu. Mifupa iliuma, hasa nyonga na kifua; muuguzi akaniambia nishukuru, kwa kuwa hayo ni maumivu ya kazi. Kisha nikalazwa kando ya mashine. Damu hutoka kwa mrija mmoja na kuingia mashineni, huko ikazungushwa kwa kasi. Kilicho kizito hukaa upande wake na chepesi upande wake. Chembe mama huchukuliwa zikawekwa mfukoni, na damu iliyobaki hurudishwa mwilini kwa mrija wa pili. Nilipofahamishwa hivyo nilicheka. Nikamwambia muuguzi, "Binti yangu, kumbe huku ni kupepeta. Mama yangu aliifanya kazi hii kwa ungo." Midomo na vidole vikafa ganzi, maana dawa ya kuzuia damu isigande hupunguza madini ya kalsiamu, nikapewa kalsiamu, ganzi ikaondoka. Nikakaa hivyo saa 5, nikiisikiliza mashine.

Mnakumbuka katika Luka sura ya 22 Bwana wetu alivyomwonya Petro kwamba Shetani alitaka kuwapepeta wanafunzi kama ngano. Mimi nilidhani kupepetwa kwangu ni hiyo mashine. Kumbe kulikuwa kunakuja usiku.

Jioni ya siku ya kwanza daktari alikuja na hesabu. Zinatakiwa angalau chembe mama milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mimi nilikuwa nimefikisha milioni 1 na kidogo. Akasema, "Mwalimu, tutajaribu tena kesho. Zisipotosha, hatutathubutu kukupa ile dawa." Ndugu zangu, usiku ule sikuomba. Nasema kweli. Mimi niliyewafundisha watoto wenu Katekisimo, nilianza Sala ya Bwana ikanikatikia katikati, pale tunapoomba kusamehewa. Nilichokikumbuka ni mwaka 1989.

Mwaka huo nilikuwa nafundisha katika shule moja ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Siku moja ya mvua, mke wa mwalimu mwenzangu alijifungua, na damu ikakataa kukoma. Mtoto wa shule akaja mbio mpaka mlangoni mwa darasa langu: wanatafutwa wanaume wa kwenda kutoa damu. Walimu wawili walikwenda. Mimi nilisema nina madaftari ya kusahihisha. Madaftari kweli yalikuwapo, lakini sababu yangu ilikuwa nyingine. Niliogopa. Tulikuwa tukiambiana kwamba mwanamume akitoa damu hupungukiwa nguvu maisha yake yote. Nami, niliyetoka chuo cha ualimu na cheti, niliyekuwa nafundisha sayansi, niliyaamini maneno ya kijiweni kuliko kitabu nilichokishika mkononi. Mama yule alifariki kabla ya jua kuchwa. Sisemi kwamba damu yangu ingemwokoa. Pengine hata makundi yetu yasingepatana. Nasema tu kwamba niliitwa, nami sikwenda. Na kwenye mazishi yake niliongoza nyimbo.

Jambo hili nililibeba miaka zaidi ya 30. Kabla ya kusafiri kuja huku nilimwendea mwenzangu yule. Zamani ningeshinda kivukoni nikingoja pantoni. Sasa kuna daraja, nikafika kabla ya chai ya saa nne. Nilimweleza habari ya madaftari. Akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Nilijua, Mwalimu. Nilijua siku ile ile." Kisha akaniuliza kama nimekula. Tukala wali na samaki, wala hakulitaja tena.

Huyo alikwisha kunisamehe, lakini usiku ule wa hospitali mimi nilikuwa sijausadiki msamaha wake. Niliwaza hivi: niliyewanyima wengine damu, sasa damu yangu mwenyewe inaninyima. Hesabu imekaa sawa. Mkristo anaweza kukaa kanisani miaka 50 na bado ndani ya moyo wake akamwona Mungu kama karani wa duka, mwenye daftari la madeni.

Asubuhi, kabla ya mashine, muuguzi aliniletea mfuko wa damu, kwa kuwa yangu ilikuwa imeshuka. Nilivaa miwani nikasoma karatasi iliyobandikwa. Lilikuwapo kundi, zilikuwapo namba na tarehe. Jina la aliyetoa halikuwapo. Mtu huyo hakuuliza kama mimi ninastahili. Hakuuliza dini yangu, wala kabila langu, wala nilifanya nini mwaka 1989. Alinyosha mkono wake, akaenda zake, pengine aliinunulia familia yake nyama njiani. Nikaitazama ile damu ikidondoka tone baada ya tone, na Sala ya Bwana ikarudi, nikaimaliza. Wakati huo nilikuwa bado sijui kama mbegu zitatosha. Nataka mlishike hilo: amani ilikuja kabla ya jibu.

Jioni daktari akaniletea hesabu ya siku zote mbili: milioni 3 na zaidi. Mbegu zimetosha.

Katika haya nimejifunza mambo matatu, nami nawagawia.

Kwanza, mbegu ni ya Mungu kabla haijawa ya daktari. Chembe hizi sikuzinunua. Zilikuwa ndani ya mifupa yangu tangu tumboni mwa mama, zikifanya kazi usiku na mchana nami sizijui. Daktari hakuziumba, alizitafuta tu, akazihesabu, akazitunza. Basi yule msharika aliyeniambia kuwa hospitali ni upungufu wa imani, namjibu kwa upendo kwamba asome Yoshua bin Sira sura ya 38, katika vile vitabu ambavyo Kanisa letu huvisoma kwa mafundisho ya mwenendo mwema. Ataona huko kwamba tabibu naye ametoka kwa Mungu, na dawa vilevile, na kwamba mgonjwa huagizwa kuomba na pia kumpa tabibu nafasi yake.

Tena tukumbuke kwamba elimu hii nayo ilipandwa kwa machozi. Mwaka 1957 daktari mmoja wa Marekani, E. Donnall Thomas, alitangaza habari za wagonjwa 6 aliowatia uloto wa watu wengine. Wote walikufa muda si mrefu. Wengi wakasema jambo hili halitafaulu kamwe. Yeye na wenzake hawakuacha, na mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobel. Hapa kwetu, kwa miaka mingi mgonjwa wa namna yangu ilimbidi apelekwe ng'ambo, hasa India, naye asiye na uwezo alibaki nyumbani. Mwaka 2021 Muhimbili wakaanza kazi hii wenyewe, wakianza na wagonjwa wa maiyeloma waliorudishiwa chembe zao. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu, wakipewa na ndugu zao wa damu. Nani alilima shamba hili ambalo mimi leo ninavuna? Wengi wao sitawajua, na wale wagonjwa 6 wa kwanza hawakuona hata suke moja.

Pili, kungoja ni kazi. Mfuko wa chembe zangu sasa umehifadhiwa kwenye ubaridi. Baada ya dawa kali nitarudishiwa kwa mrija, kama mtu anavyoongezwa damu. Nilimwuliza daktari, "Mtazipelekaje mpaka ndani ya mifupa?" Akasema, "Mwalimu, hatuzipeleki. Zinaijua njia zenyewe." Kisha hungojwa majuma mawili hivi. Katika siku hizo mgonjwa hana kinga. Kinywa huota vidonda, nywele hudondoka, homa ndogo huwa hatari kubwa, na hata maua ya wageni hayaruhusiwi chumbani. Hakuna awezaye kuziharakisha chembe zichipue. Hapo nikakumbuka ule mfano mfupi katika Marko sura ya 4, juu ya mpanzi ambaye akisha kumwaga mbegu hulala na kuamka, nayo mbegu inamea, yeye asijue imekuwaje. Hata hivyo mkulima wa bonde letu hamwagi mbegu akaenda zake. Hujenga dungu, akakaa humo akifukuza ndege. Kungoja kwa Majilio ndiko huko: kuota kwa mbegu ni kazi ya Mungu, na kulinda shamba ni kazi yetu.

Tatu, mbegu iliyotengwa kwa ajili yangu imenipa deni. Tangu nianze kuugua nimepewa damu ya watu ambao sitawajua, na katika majuma yajayo nitahitaji nyingine. Mimi sitaruhusiwa tena kutoa damu. Nafasi niliyokuwa nayo mwaka 1989 imepita, haitarudi. Lakini ninyi mnayo. Mtu mwenye afya, aliye kati ya miaka 18 na 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50, aweza kutoa damu: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Haipunguzi uanaume. Maji yake mwili huyarudisha upesi, na chembe zake katika majuma machache, kwa sababu chembe mama zinafanya kazi. Mnajua wenyewe ni watoto wangapi wa bonde letu hukaushwa damu na malaria, na ni akina mama wangapi humwaga damu katika uzazi. Ukiitwa, usiseme una madaftari.

Na neno moja la mwalimu kwa wazee wenzangu: mgongo unaouma miezi, ukifuatana na kukonda na kuishiwa damu, usiupe vidonge vya dukani tu. Vidonge vingi vya maumivu huumiza figo. Nenda ukapimwe damu na mkojo. Mimi nilipoteza miezi minne ambayo ningeihitaji.

Sitaki kuwadanganya. Madaktari hawakuniahidi kwamba nitapona kabisa. Ugonjwa huu, hata ukishindwa, mara nyingi hulala miaka kadhaa kisha ukaamka. Lakini miaka ni miaka, na kwa mtu wa umri wangu ni zawadi kubwa. Wala dawa yenyewe si bila hatari, wako wasioivuka. Nimeyaandika hayo kwa mke wangu, nikamwonyesha yalipo makaratasi ya shamba. Asanteni ninyi mliochanga nauli, na asanteni vijana mlioniambia kwamba shamba langu la mpunga mtalipanda mkimaliza ya kwenu. Debe la mbegu liko chini ya kitanda, upande wa dirishani. Msilipande lote, acheni kidogo.

Kesho ni siku ya moto, na kesho kutwa mbegu itarudi shambani. Gazeti hili litakapofika mikononi mwenu, mtakuwa mmekwisha kusikia kama imechipua au haikuchipua. Mimi ninapoandika sijui. Najua tu aliyeitenga.

Tuombe: Ee Bwana wa mavuno, uliyeiumba damu yetu kabla hatujaijua, utuhurumie sisi tulioitwa tusiende. Uwakumbuke waliotoa bila kuuliza jina. Uwalinde wagonjwa wote wangojao usiku huu, na hao wanaowauguza. Utufundishe kupanda hata tukilia, na kungoja bila kukata tamaa, hata ajapo Mwanao, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, Ifakara
(kwa sasa Dar es Salaam)